Polishi ya hematiti na jicho la simbamarara

Swali la msomaji: "Nina mashine ndogo ya kuviringisha mawe, yenye pipa moja la mpira la kilo moja na nusu. Nimeweka hematiti na jicho la simbamarara pamoja, nikasaga kwa unga namba 60/90, kisha 220, kisha 500, nikamalizia na oksidi ya seriamu kwa siku saba. Jicho la simbamarara limetoka na mng'ao wa kuridhisha, ingawa mawe machache yana alama nyeupe zilizopinda kama ukucha. Hematiti imetoka ya kijivu, imefifia, haioneshi hata kivuli cha taa. Ninunue polishi gani itakayofaa mawe yote mawili?"

Kwa swali kama ulivyoliuliza, jibu ni fupi: nunua alumina, yaani oksidi ya alumini, iliyosagwa hadi mikroni moja (sehemu moja ya elfu ya milimita) au chini ya hapo. Hiyo inafaa mawe yote mawili. Lakini ukiimwaga kwenye pipa lilelile lenye mchanganyiko uleule, wiki ijayo utaniandikia tena. Polishi uliyotumia ina lawama yake upande wa hematiti, ila lawama kubwa ni ya mambo mawili ambayo hukuyauliza: umeruka hatua moja kabla ya polishi, na umeyachanganya mawe ambayo hayapaswi kuzunguka pamoja.

Tuanze na polishi, maana ndiyo iliyokuleta.

Oksidi ya seriamu ina sifa kubwa kwenye vioo na lenzi, na sifa hiyo haitokani na ugumu wake. Kwenye kipimo cha Mohs, ambacho talki ni 1 na almasi ni 10, seriamu iko karibu na 6. Kwatzi, madini ambayo jicho la simbamarara limeundwa nayo, ni 7. Kwa ugumu peke yake, seriamu isingeifanya kwatzi lolote. Kinachoisaidia ni kemia. Silika, yaani silikoni na oksijeni zilizoungana, ikiwa ndani ya maji, tabaka lake la juu kabisa hulegea kidogo, na chembe ya seriamu hushikana na tabaka hilo kwa kitambo kifupi. Chembe inaposukumwa mbele, huondoka na kile ilichokishika. Kioo ni silika kwa sehemu kubwa, na jicho la simbamarara ni kwatzi, yaani silika pia. Ndiyo maana mawe yako hayo yamekutii.

Hematiti haina silika. Ni chuma na oksijeni, na karibu asilimia 70 ya uzito wake ni chuma. Ule ushirikiano wa kemia unakosekana, kinabaki kitendo cha kusugua tu, na hapo seriamu yenye ugumu wa 6 inakutana na jiwe ambalo ugumu wake ni kati ya 5 na 6.5. Ni mapambano ya watu wa nguvu sawa. Kitu kitafanyika, lakini kwa kusuasua, na ikiwa jiwe lilifika pale likiwa bado na mikwaruzo, siku saba hazitoshi wala kumi na nne.

Alumina ni jambo jingine. Ni madini yaleyale ya rubi na yakuti yakiwa katika umbo la unga, na ugumu wake ni 9. Haibembelezi kemia ya jiwe lolote, inakata kwa nguvu zake, kwa hiyo haichagui kati ya kwatzi na hematiti. Kwa mtu mwenye mashine moja na mawe ya aina mbalimbali, ukinilazimisha kuchagua unga mmoja tu wa kukaa nao, nitachagua huo. Seriamu uliyonayo usiitupe. Itunze kwa ajili ya jicho la simbamarara, akiki na kwatzi nyingine, maana huko inatoa mng'ao ambao mimi binafsi naupenda kuliko wa alumina.

Sasa angalia namba zilizoandikwa kwenye kifungashio, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopoteza fedha zao. Namba ya unga si kipimo cha ukubwa wa chembe. Ni jina tu ndani ya mfumo fulani, na mifumo iko mingi. Chukua namba 1000. Katika viwango vya Ulaya, ikiwa na herufi F mbele yake, yaani unga wa kusagia usiogandishwa kwenye karatasi, chembe ya wastani ina mikroni 4.5. Ikiwa na herufi P, ambayo ni mfumo wa msasa wa karatasi, namba hiyohiyo 1000 ina maana ya mikroni 18 hivi. Tofauti ya mara nne kwa namba moja! Katika mfumo wa Kijapani, namba 8000 ni chembe ya mikroni 1.2. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii ni polishi namba 8000", mwulize mikroni ngapi. Asipojua, tafuta mwingine.

Kwa jicho la simbamarara, alumina ya mikroni 1 hadi 3 inatosha. Kwa hematiti usizidi mikroni 1, na ukipata ya mikroni 0.3 ni bora zaidi. Hii si mbwembwe tu, ina sababu yake. Uso wa kwatzi hurudisha chini ya asilimia 5 ya nuru inayoupiga moja kwa moja. Nuru iliyobaki huingia ndani, na katika jicho la simbamarara hukutana na nyuzi zilizolala sambamba, ambazo ndizo zinazotoa ule mstari wa dhahabu unaotembea unapoligeuza jiwe. Uzuri wake mwingi unatoka ndani. Hematiti haipitishi nuru, na uso wake hurudisha takriban robo ya nuru yote inayoupiga. Uzuri wake wote uko juu ya ngozi. Mawimbi ya nuru tunayoiona yana urefu wa mikroni 0.4 hadi 0.7 hivi, na mikwaruzo ikizidi kipimo hicho, nuru hutawanyika kila upande, na jicho lako linaona kijivu badala ya kioo. Mkwaruzo ambao jicho la simbamarara litausitiri, hematiti itautangaza. Ndiyo maana mawe mawili yametoka pipa moja, siku moja, moja likaonekana limefaulu na jingine limefeli. Inawezekana kabisa kwamba yamekwaruzika sawasawa.

Kuhusu polishi nyingine utakazosikia zikisifiwa, nitapita haraka. Oksidi ya bati ni nzuri kwa mawe yote mawili, polepole kidogo. Oksidi ya kromi hung'arisha vizuri, lakini rangi yake ya kijani huingia kwenye kila tundu na haitoki, na kwenye jicho la simbamarara lenye nyufa utaichukia. Unga wa almasi unafaa zaidi kwa wanaong'arisha jiwe mojamoja kwenye diski. Kuumwaga kwenye pipa la mawe ni matumizi mabaya ya unga huo. Kisha kuna ule unga mwekundu ambao masonara wanautumia kung'arishia dhahabu na fedha. Wapo watakaokushauri uutumie kwa hematiti kwa kuwa "ni wa rangi yake". Ni wa rangi yake kwa sababu ndio yenyewe: unga huo ni oksidi ya chuma ileile, hematiti iliyosagwa. Hauna ugumu wa kuizidi hematiti, na pipa lako tayari linatengeneza unga wa namna hiyo bure kila jiwe linaposagika. Uache kwa masonara.

Nikufunulie sasa lile la kuyachanganya, kwa kuwa alama zako za ukucha zinatoka huko.

Hematiti ina uzito wa takriban mara 5.2 ya maji. Kwatzi ni mara 2.65. Chukua kopo la nusu lita ulijaze mawe madogo ya jicho la simbamarara: yatakuwa na gramu 800 hivi. Jaza kopo hilohilo hematiti, utakaribia kilo moja na gramu 600. Ndani ya pipa, mawe hupanda ukutani, hufika juu, kisha huteleza kushuka juu ya wenzake. Hematiti inaposhuka juu ya jicho la simbamarara inashuka na uzito karibu mara mbili ya ule wa jiwe la kwatzi la ukubwa huohuo. Kwatzi haibonyei, inapasuka, na mpasuko wake mdogo chini ya ngozi ndio unaoonekana kama mwezi mwandamo mweupe. Hakuna polishi itakayouondoa. Wakati huohuo jicho la simbamarara, lenye ugumu wa 7, linaikwaruza hematiti yenye ugumu wa 6 kila zinapogusana, na hasa mwishoni, pale ambapo unga wa polishi ni laini sana kiasi cha kutoweza kuyatenganisha. Kwa hiyo kila moja limemwumiza mwenzake, moja kwa nyundo, jingine kwa kucha.

Wapo wanaosaga pamoja hatua ya kwanza, ile ya 60/90, wakayatenganisha baadaye. Hoja yao ni kwamba hatua ya kwanza ni ya ukorofi hata hivyo, na michubuko itasagwa na hatua zinazofuata. Ina ukweli kiasi. Mimi nayatenganisha tangu mwanzo, kwa kuwa mwezi wa kwatzi ukishapasuka huwa una kina kuliko unavyouona kwa juu.

Uzito huohuo unaleta shida nyingine ambayo huenda hujaiona bado. Kilo moja na nusu kwenye mashine yako ni jumla ya kila kitu: mawe, maji, unga. Pipa la mviringo hufanya kazi vizuri likijazwa karibu theluthi mbili. Likiwa tupu kupita hapo mawe hurushwa badala ya kuteleza. Sasa ukijaza theluthi mbili kwa hematiti tupu, utapita uzito ambao mota imeundwa kuubeba, mkanda utaanza kuteleza, na mashine itazimika usiku wa manane ukiwa umelala. Ukipunguza hematiti ili kuokoa mota, pipa linakuwa tupu na mawe yanagongana. Njia ya kutokea ni kujaziliza na vitu vyepesi: vipande vidogo vya seramiki vya mashine hizi, au punje za plastiki. Weka hematiti kama robo ya pipa, jaziliza hadi theluthi mbili, kisha weka pipa zima juu ya mizani kabla ya kuliwasha. Mizani haikosei.

Kati ya seramiki na plastiki, kwa hematiti kwenye polishi napendelea seramiki ndogo ndogo, za milimita tatu au nne. Zinaingia kwenye mabonde ya jiwe ambako jiwe kwa jiwe haligusani, na zinabeba unga huko. Zinafaa hata kwa mawe yaliyochongwa, yenye pembe za ndani. Plastiki ni nyepesi na huelea, lakini ni mto mzuri wa kuzuia mgongano. Sharti lake moja: punje zilizowahi kutumika na unga wa kusagia zisiingie kwenye polishi, hata ukiziosha mara saba. Unga huzama ndani ya plastiki na kukaa humo ukikungoja. Tenga punje za polishi peke yake, ziandikie chombo chake.

Nimesema umeruka hatua. Baada ya unga namba 500 ulikwenda moja kwa moja kwenye seriamu. Unga huo, ukiwa ni F500 halisi, una chembe za mikroni 13 hivi, na ukiwa wa mfumo mwingine huenda ni kubwa zaidi. Seriamu ina mikroni 1 hadi 3. Polishi haiwezi kuziba pengo hilo ndani ya pipa, maana kazi yake ni kuondoa mikwaruzo midogo sana, si kusaga mabonde. Kati yao panahitajika hatua ya kulainisha: alumina namba 1000 au 1200 ya mfumo wa F, mikroni 3 hadi 4.5, kwa siku saba au zaidi. Kwa jicho la simbamarara wengi huruka hatua hii na bado hupata jiwe zuri, kwa sababu unga wa kabidi ya silikoni, ule wa kusagia wa 60/90 hadi 500, huvunjika kadiri pipa linavyozunguka, na 500 iliyozungushwa siku kumi huwa haiko tena 500. Kwa hematiti hakuna njia ya mkato ya namna hiyo.

Kuhusu kipimo cha unga, kijiko kimoja hadi viwili vya mezani kwa kila nusu kilo ya mawe ni kiasi cha kuanzia, kwenye kulainisha na kwenye polishi. Hapo hesabu kwa ujazo zaidi kuliko uzito ukiwa na hematiti, kwa sababu nusu kilo yake ni mawe machache yenye uso mdogo, ila seramiki ulizojaziliza nazo zinahitaji kufunikwa na unga. Maji yafike chini kidogo ya tabaka la juu la mawe. Baada ya siku mbili fungua uangalie: uji uwe na uzito wa rangi ya maji ya ukutani. Ukiwa mwepesi kama maji, mawe yanagongana bila kizuizi. Punguza maji kidogo na uongeze unga. Ikiwa mashine yako ina kasi mbili, tumia ya chini.

Kabla hujanunua chochote, fanya jaribio hili, kwa kuwa litakwambia kama tatizo ni polishi au ni hatua zilizotangulia. Chukua jiwe moja la hematiti uliloliona limefifia. Lowanisha kipande cha ngozi, au kitambaa cha jinzi kikiwa kimetandazwa juu ya ubao, nyunyiza kidogo polishi uliyonayo, kisha sugua jiwe kwa nguvu sehemu moja kwa dakika mbili au tatu. Osha, kausha, peleka chini ya taa. Sehemu uliyosugua ikiwa imeng'aa, jiwe lilikuwa tayari na polishi inafaa. Pipa tu ndilo lililokosea, pengine kwa muda mfupi au uji mwepesi. Ikiwa imebaki kijivu na ukaona mistari myembamba chini ya kioo cha kukuzia, basi jiwe halikuwa tayari, na hata polishi ya mfalme isingelisaidia. Kwa maelezo yako, nategemea utaona mistari.

Na usihukumu jiwe likiwa bichi na maji. Maji hujaza mikwaruzo, na kila jiwe lenye maji huonekana limepigwa polishi. Jiwe lililokamilika hufanana likiwa kavu na likiwa na maji. Ukiona tofauti, kazi haijaisha.

Kuna maswali ninayopaswa kukuuliza kuhusu hematiti yako yenyewe. Ni ipi? Hematiti huja kwa sura nyingi. Ipo iliyoshikamana, ya kijivu cha chuma, nzito mkononi, isiyoonesha chembe ikivunjwa: hiyo ndiyo ya kuviringishwa. Ipo ya magamba yanayometameta, yanayobanduka kwa ukucha. Hiyo itaishia kuwa tope. Ipo nyekundu ya udongo, ambayo ni rangi ya kupakia ukuta kuliko jiwe la pambo. Sugua jiwe kwenye mgongo wa kigae, upande usio na vanishi: hematiti ya kweli, hata iwe nyeusi kiasi gani kwa nje, huacha mstari wa rangi nyekundu-kahawia. Kisha lete sumaku. Hematiti ya asili huvutwa kidogo sana au haivutwi kabisa. Jiwe likirukia sumaku na kunasa kwa kishindo, huenda lina magnetiti nyingi ndani, madini mengine ya chuma yanayovutwa sana na sumaku, au, mara nyingi zaidi kama ulilinunua likiwa shanga, si hematiti bali ni seramiki ya kiwandani inayouzwa kwa jina hilo. Ya kiwandani hainipi shida kuing'arisha, ila kanuni za hapa nimeziandika kwa ajili ya ile ya asili.

Hematiti ya kweli itakutisha kwa rangi. Tope litakuwa jekundu kama damu kwenye kila hatua, na mikono yako, sinki na kitambaa vitakuwa hivyohivyo. Si dalili ya kuharibika. Jiwe lenyewe ni jeusi kwa sababu limeshikamana. Unga wake ni mwekundu. Cha kutazama ni hatua ya polishi: huko jiwe halitakiwi kusagika sana, kwa hiyo polishi nyeupe inapaswa kugeuka waridi, kisha nyekundu hafifu. Ikiwa ndani ya siku moja imekuwa tope zito jekundu, kuna mawe laini ndani yanayomomonyoka na kuwarushia wenzake punje. Yatafute, yatoe. Na pipa lililopitisha hematiti lisipokee kwatzi nyeupe hadi liwe limesuguliwa na kuzungushwa saa kadhaa na maji ya sabuni, kwa maana ule wekundu hujificha kwenye mpira na hupenda nyufa za mawe mepesi.

Usafi kati ya hatua na hatua ndipo kazi hii inapoharibikia kuliko mahali pengine popote. Punje moja ya namba 220 iliyonasa kwenye ukingo wa kifuniko inatosha kuchora kila hematiti iliyomo kwa siku saba mfululizo. Sugua pipa, sugua mfuniko, sugua ule mfereji ambao mfuniko hukaa, kisha piga brashi jiwe mojamoja. Baada ya hapo rudisha mawe na seramiki zake ndani na maji, ongeza kijiko cha sabuni ya mche iliyokwanguliwa, zungusha saa kadhaa, mwaga, suuza. Fanya hivyo kabla ya kulainisha, kabla ya polishi, na baada ya polishi. Jiwe lenye tundu au ufa litoe kabla ya polishi hata kama unalipenda, kwa sababu limebeba ghala la unga wa jana. Ukiweza kupata pipa la pili, liwe la polishi tu, lisionje unga mwingine maisha yake yote. Tope usilimwage kwenye sinki; hutulia ndani ya bomba na kuganda. Liache litue kwenye ndoo, mwaga maji ya juu nje, tupa tope likikauka, ukiwa umelifunga ili lisipeperuke.

Hilo la kupeperuka lina uzito wake. Jicho la simbamarara lilianza na krosidoliti, ambayo ni asbesto ya buluu, madini ya nyuzi yenye vumbi la hatari. Katika jiwe la rangi ya dhahabu nyuzi zake zimebadilika kwa sehemu kubwa kuwa oksidi za chuma zikiwa zimefungiwa ndani ya kwatzi, lakini katika lile la buluu zipo bado kwa kiasi. Ndani ya pipa lenye maji hakuna vumbi, hivyo hakuna hatari hapo. Hatari iko kwenye kukata au kusaga jiwe kavu: vumbi la silika peke yake linatosha kuharibu mapafu. Kata kwa maji, kila mara.

Jicho la simbamarara kwa upande wa kung'arisha halina makuu, ila mambo mawili. La kwanza, lina mshipa: nyuzi zinaelekea upande mmoja, na jiwe hupenda kupasuka na kubanduka vipande kandokando ya mwelekeo huo. Mwaka 2003 Peter Heaney na Donald Fisher wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, walieleza kwamba jiwe hili hutokana na mwamba unaopasuka na kuzibwa na kwatzi tena na tena, kinyume na maelezo ya tangu karne ya 19 kwamba kwatzi ilichukua nafasi ya asbesto taratibu. Ukikubaliana nao, hushangai kuona mipasuko midogo imejipanga. Kabla ya polishi elekeza kila jiwe kwenye taa, na lenye ufa unaofuata nyuzi liondoe. La pili, usilisafishe kwa asidi. Wanaokusanya kwatzi huondoa madoa ya chuma kwa asidi ya oksaliki. Hapa madoa hayo ndiyo rangi ya jiwe lako. Wala moto usiuchezee kama unaitaka ile dhahabu, kwa kuwa joto hufukuza maji kutoka kwenye oksidi ya chuma iliyomo na kuigeuza hematiti, na jiwe likawa jekundu. Mengi ya jicho jekundu unayoyaona yakiuzwa yamepatikana hivyo.

Kuna jiwe moja ambalo asili imelichanganya bila kutuuliza: lile la mistari ya jicho la simbamarara, yaspi nyekundu (ambayo nayo ni ya jamii ya kwatzi) na hematiti pamoja, linalotoka Australia Magharibi. Hapo huwezi kutenganisha kitu. Kwalo, alumina ndiyo inayostahili, kwa sababu hukata mistari yote mitatu kwa namna moja. Seriamu ingeng'arisha mistari ya kwatzi na kuiacha ya chuma imefifia. Muda wa polishi uwe mfupi na hatua ya kulainisha iwe ndefu, la sivyo hematiti, iliyo laini kidogo, itazama chini ya mistari mingine na utaisikia kwa kidole.

Rudi sasa kwenye mawe uliyonayo mezani. Yatenge. Jicho la simbamarara lisilo na alama za ukucha liweke kando, limekwisha. Ukitaka kulizidishia, lipe siku tatu nyingine za seriamu mpya, peke yake, likiwa na seramiki. Yenye alama yarudishe namba 220 hadi alama zipotee, ambapo mengine yatakwenda hadi 60/90, kisha yapande ngazi upya. Hematiti yote irudie namba 500 kwa siku saba ikiwa peke yake na seramiki, kwa kuwa kwatzi imeichora na 1000 haitatosha kufuta michoro hiyo. Kisha alumina F1000, siku saba hadi kumi. Kisha lile jaribio la ngozi, kwa mawe matatu kutoka sehemu tofauti za pipa. Yakipita yote matatu, ndipo ufungue alumina ya mikroni moja, uipe siku saba, uangalie jiwe kavu chini ya taa, na kama bado si kioo uiache nyingine saba bila kuongeza unga mpya.